Mfuko wa Nne

Nchi hii ina jina zuri tu, ila tangu mwaka juzi kulitaja bila kibali ni kosa, na ofisi inayotoa vibali ina karatasi mlangoni isemayo kwamba mhusika ametoka kidogo. Basi tutaiita Nchi, yaishe. Ni Nchi yenye amani, yenye wizara arobaini na moja, na yenye Jeshi ambalo halijashindwa vita hata siku moja, kwa kuwa halijapigana. Raia wanaliheshimu mno Jeshi hilo. Ukivaa gwanda hupangi foleni popote, kinyozi anakunyoa bure, na hata mkweo anapunguza maneno.

Kwa heshima yote hiyo, wenye akili ya biashara wangeachaje kuuza magwanda mtandaoni? Palikuwa na mnada mmoja wa mtandaoni ulioitwa Nani Zaidi, ambako zamani watu walikuwa wakiuziana majokofu mabovu na viatu vya harusi vilivyovaliwa mara moja. Ghafla, katikati ya majokofu, zikatokea sare za Jeshi. Ukoplo ulianzia dau la bei ya kuku, ukapteni bei ya mbuzi, na ubrigedia, pamoja na kofia yake, bei ya ng'ombe mwenye mimba.

Mambo yakaanza. Muuza mitumba mmoja alishinda gwanda la meja, akaenda kuweka kizuizi barabara kuu, magari yakasimama hadi jioni. Mwalimu mstaafu alishinda la brigedia, akafungua zahanati iliyokuwa imekamilika miaka mitano nyuma ikimsubiri mkubwa wa kuifungua. Akakata utepe, na wagonjwa wakatibiwa siku ile ile. Hayo Serikali iliyavumilia. Kisichovumilika kilitokea Sikukuu ya Jeshi, Waziri wa Ulinzi alipomkumbatia bwana mmoja mnene mwenye nyota nyingi begani na kumwita "ndugu yangu wa mstari wa mbele", halafu kesho yake akamkuta buchani akikata maini.

Kabla maini hayajafungwa kwenye karatasi, Waziri alikuwa ameshaunda Kitengo cha Taifa cha Kutambua Sare Bandia.

* * *

Kitengo kilihitaji mtaalamu, na mtaalamu akawa Fundi Sekiondo. Huyu alikuwa mtu mwembamba, mkimya, mwenye tepu ya kupimia shingoni hata siku za msiba, na alikuwa amekaa miaka kumi na tisa nyuma ya cherehani katika karakana ya Jeshi. Magwanda yote ya Nchi yalipita mikononi mwake na mwa wenzake sita. Mkewe alifariki zamani. Alibaki na binti mmoja, Mwamvua, ambaye alikuwa koplo katika Jeshi hilo hilo, mlinzi wa ghala la risasi. Gwanda la Mwamvua alilishona mwenyewe, peke yake, mishono miwili miwili, na kila binti huyo alipopita mtaani amelivaa, Sekiondo aliacha anachokifanya akasimama kumtazama mpaka akate kona. Hakuwa na fahari nyingine duniani.

Sasa, kuhusu magwanda yenyewe kuna jambo ambalo ni lazima tulieleze. Kwa karatasi, gwanda la Jeshi lina mifuko minne, miwili kifuani na miwili chini. Kwa kitambaa, lina mitatu. Kila jora lililofika karakanani lilikuwa limeshapungua njiani, na mafundi walipopima na kupima tena, waliona kinachopelea ni mfuko mmoja kwa kila gwanda. Wakakubaliana kuuacha wa chini kushoto. Kwa nje walishona kifuniko kizuri, kikanyooshwa pasi. Kwa ndani hapakuwa na kitu. Wenyewe waliuita mfuko wa heshima. Askari mpya aliujua wiki ya kwanza, filimbi yake ikishaanguka matopeni, na baada ya hapo hakuugusa tena maisha yake yote.

Kitambaa kilikuwa kinakwenda wapi? Sekiondo alikuwa na fununu. Aliwahi kuitwa nyumbani kwa Kanali Mbwilinge, mkuu wa manunuzi, kupima madirisha, akakuta mapazia ya sebule, makochi, na hata kitambaa cha kufunikia redio, vyote ni vya kijani cha kivita. Akapima madirisha, akanyamaza.

Na mkurugenzi wa Kitengo kipya akateuliwa. Alikuwa Kanali Mbwilinge.

* * *

Kikao cha kwanza kilikuwa na wajumbe kumi na wanane, maji ya chupa, na korosho. Kanali aliuliza kama kuna mwenye wazo la namna ya kutambua sare bandia. Wajumbe wakatafuna korosho. Sekiondo akanyoosha kidole.

"Afande, kuna njia rahisi. Mtu akiletwa, aambiwe atie mkono mfuko wa chini kushoto. Mkono ukiingia, gwanda ni bandia."

Korosho zikanyamaza.

"Rudia, fundi," alisema Kanali.

"Ukiingia ni bandia, afande. Ukigoma, ni la kwetu."

"Yaani mimi niende kwa Mheshimiwa Waziri, nimwambie gwanda halali la Jeshi la Nchi hii lina mfuko ambao mkono hauingii?"

"Ndivyo lilivyo, afande. Hata hilo ulilovaa. Jaribu."

Kanali hakujaribu. Alimtazama Sekiondo kwa huruma, namna mtu anavyomtazama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.

"Fundi Sekiondo, gwanda letu lina mifuko minne. Imeandikwa. Wewe unazungumzia hali halisi. Sisi hapa tunazungumzia usalama wa Taifa."

Wajumbe wakapiga makofi. Mjumbe mmoja alipendekeza maneno hayo yachongwe kwenye jiwe, na jiwe likatengewa fungu.

Baada ya miezi mitatu ukatoka Mwongozo wa Taifa wa Kutambua Sare Bandia, kurasa sitini na nne, picha za rangi, kila mfuko umechorwa na vipimo vyake, idadi ya mishono, aina ya uzi na duka unakopatikana. Ukurasa wa mwisho ulihitaji saini ya mtaalamu. Kalamu ikawekwa mbele ya Sekiondo.

"Afande, haya si kweli."

"Nani kasema yawe kweli? Weka saini tu."

Sekiondo aliiangalia ile kalamu. Alifikiria kazi yake, akafikiria cheo cha usajini ambacho Mwamvua alikuwa amekisubiri miaka minne. Tungependa kusema kwamba alibishana, akasimama kidete, akatolewa nje kwa nguvu. Hakufanya hivyo. Alitia saini ili aende nyumbani.

Mwongozo ukawekwa mtandaoni ili raia mwema ausome. Raia mwema hakuusoma. Waliousoma ni wauzaji wa Nani Zaidi, na waliusoma neno kwa neno, maana hawakuwahi kusaidiwa na Serikali kiasi hicho. Wiki haikupita, yakatoka matangazo: "Gwanda safi, limeshonwa kwa kufuata Mwongozo, mifuko minne yote inaingia mkono. Likikataliwa na Kitengo, rudisha."

* * *

Operesheni ikaanza, ikapewa jina la Tia Mkono Tuone. Vijana wa Kitengo walisimama njia panda, wakasimamisha kila mwenye gwanda na kumwamuru atie mkono katika mifuko yote minne. Siku ya kwanza walikamatwa watu ishirini, siku ya pili ishirini na watatu. Wote arobaini na watatu walikuwa askari halali wa Jeshi la Nchi. Wa mnadani walipita wakipongezwa. Muuza mitumba aliyenunua umeja alikaguliwa, akaonekana hana dosari hata moja, akapewa cheti, na alasiri ile ile akawa anawakagua wengine.

Kanali Mbwilinge akatokea kwenye televisheni.

"Ndugu wananchi, tumegundua kwamba Jeshi letu lilikuwa limeingiliwa kwa kiwango cha kutisha. Kikosi cha Pili chote ni bandia. Jiulizeni, tungepigana vita tungekuwa wapi?"

Wananchi wakajiuliza, wakaogopa, wakaishukuru Serikali.

Siku ya tatu, Sekiondo akiwa mezani na kioo chake cha kukuzia, simu ikalia.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanong'ona?"

"Nimekamatwa. Wameniambia nitie mkono, haukuingia."

Sekiondo alitaka kuuliza mfuko gani, lakini aliujua. Aliushona mwenyewe, mishono miwili miwili.

"Hukuwaambia wewe ni binti wa nani?"

"Niliwaambia. Wakanionyesha ukurasa wa mwisho wa Mwongozo, saini yako hii hapa. Wakasema baba yako mwenyewe anasema wewe ni bandia."

Adhabu ya kuvaa sare bandia ilikuwa miaka saba jela. Kesi ilipangwa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

* * *

Msomaji ambaye hajawahi kufuatilia jambo katika ofisi za Nchi anaweza kudhani siku tatu zinatosha kuthibitisha kwamba askari ni askari. Sekiondo naye alidhani hivyo. Akaenda masjala, aonyeshwe jalada la Mwamvua. Wakamwambia jalada la askari hutolewa kwa ombi la askari mwenyewe, akiwa amevaa sare. Akasema sare yake imeshikiliwa. Wakasema basi aje nayo. Akasema haiji, imeshikiliwa kwa kuwa ni bandia. Wakamuuliza, kwa upole kabisa, kwa nini basi analiulizia jalada la mtu ambaye si askari.

Akaenda kwa kamanda wa Mwamvua, ambaye alikuwa amemwona kila asubuhi gwarideni kwa miaka tisa. Kamanda hakuwepo; alikuwa mahabusu, mfuko wake nao uligoma. Akaenda dirisha namba sita, likampeleka namba mbili, namba mbili likampeleka sita. Alipigwa danadana mpaka miguu ikavimba. Hata sisi tunaosimulia hasira zinatupanda, na sisi tumekaa.

Jumatano jioni alifika kwa Kanali. Kanali alikuwa anakunywa chai.

"Afande, yule ni binti yangu. Unamjua. Alikulindia gari lako siku ya harusi ya mwanao."

"Namjua sana. Binti mwenye nidhamu. Nilisikitika kusikia si wa kwetu."

"Afande, niandike barua mimi, mtaalamu, kwamba gwanda ni halali."

"Andika. Fomu ya uthibitisho si unayo? Ina maswali manne. Mfuko wa kwanza upo, wa pili upo, wa tatu upo, wa nne upo. Ukijaza ndiyo zote, anatoka leo."

"Wa nne haupo, afande."

"Sasa mimi nikusaidieje, fundi, na wewe mwenyewe ndiye unayeshuhudia kwamba ni bandia?"

"Nipeni basi hilo gwanda nishone mfuko! Dakika kumi tu!"

"Kuchezea ushahidi," alisema Kanali, akachovya mkate, "ni miaka kumi na nne."

Sekiondo alijikuta ameishika tepu yake kwa mikono miwili na kuivuta mpaka ikakatika. Hakuwahi kukasirika hivyo tangu azaliwe, na hakujua mtu akikasirika hivyo huenda wapi. Akaenda mahabusu.

Mlangoni alikuta mlinzi kijana, gwanda limemkaa vizuri ajabu. Mlinzi alichomoa funguo kutoka mfuko wa chini kushoto.

"Wewe uliajiriwa lini?" Sekiondo akamuuliza.

"Mimi? Sikuajiriwa, mzee. Nilishinda mnada mwezi wa tatu. Nilipita hapa kuuliza njia ya sokoni, wakanipigia saluti, wakanikabidhi funguo. Na mimi nikaona si vizuri kukataa."

Ndani, askari arobaini na wanne walikuwa wamekaa chini kwa safu zilizonyooka, kwa mazoea. Mwamvua alisogea kwenye nondo. Hakuwa na gwanda, alikuwa na fulana, na kwa fulana ile alionekana mdogo.

"Baba, ulisaini wewe?"

"Nilisaini."

"Ukijua?"

"Nikijua, mama." Alipopatwa na uchungu alimwita hivyo tangu utotoni. "Nilisema kwenye kikao. Hawakunisikia. Nikachoka."

Mwamvua angemtukana, ingekuwa afadhali. Lakini alipitisha tu mkono kwenye nondo akamwekea sawa kola ya shati.

"Ijumaa usichoke," alisema.

* * *

Mahakama ya kijeshi ilikaa chini ya Brigedia mmoja mpole, mwenye nywele nyeupe, ambaye wengi walimkumbuka kwa ile zahanati aliyoifungua. Ndiyo, ni yule yule. Mabrigedia wa zamani wote walikuwa wamekamatwa, na huyu alikuwa amepita ukaguzi mara tatu.

Sekiondo akaapishwa, akasimama, na safari hii akasema yote. Alieleza majora yalivyokuwa yanafika yamepungua, kifuniko kilivyoshonwa bila mfuko, mafundi saba, miaka kumi na tisa. Alisema kila gwanda halali katika Nchi hii lina mfuko wa uongo, na kila gwanda la uongo lina mfuko wa kweli. Alisema tena kwa sauti, asije akaambiwa hakusikika. Washitakiwa arobaini na wanne wakaitikia "ndiyo" kwa pamoja, wakaamriwa kunyamaza.

Brigedia alikuwa anatoka jasho. Akapeleka mkono wa kushoto chini, akachomoa leso nyeupe kubwa kutoka mfuko wa nne, akajifuta paji la uso.

Ukumbi mzima ukaiona leso. Brigedia naye akaona kwamba wameiona. Akaitazama, akajaribu kuirudisha polepole, kisha akaahirisha kesi kwa nusu saa na kumwita shahidi chemba.

"Mzee mwenzangu," alisema mlango ulipofungwa, "mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu. Nilinunua hii nguo kwa sababu nilifuatilia mafao yangu miaka sita, na mlinzi wa pale ofisini hakuniruhusu hata kupita. Siku niliyoivaa alinifungulia geti. Sikudhani nitafika huku."

"Mwachie binti yangu."

"Nataka! Nataka kuwaachia wote. Lakini nikisema mifuko mitatu ndiyo halali, mimi ninakwenda ndani, Kanali anakwenda ndani, na Kanali hakubali kwenda ndani. Nikisema minne ndiyo halali, mwanao anakula miaka saba. Nimelipiga hili swali usiku na mchana, halina jibu. Lazima mtu awe na kosa."

Sekiondo alitazama dirishani. Pazia lilikuwa la kijani cha kivita.

"Wao walivaa walichopewa na Serikali," alisema taratibu. "Hawakujua Mwongozo unataka nini. Aliyejua ni mmoja tu. Alizishona sare hizo, halafu akasaini kwamba zilivyoshonwa sivyo."

Mwalimu akavuta karatasi ya hukumu.

"Una hakika, mzee?"

"Andika kabla sijachoka."

* * *

Hukumu ilisomwa saa nane mchana na kushangiliwa nchi nzima. Koplo Mwamvua Sekiondo na wenzake arobaini na watatu walionekana kuwa askari waaminifu, waliolaghaiwa na fundi mmoja hatari aliyezalisha sare bandia ndani ya karakana ya Jeshi kwa miaka kumi na tisa bila kushtukiwa. Fundi huyo alihukumiwa miaka saba. Kanali Mbwilinge alivishwa nishani kwa kumfichua. Na kwa kuwa magwanda yote ya zamani yamethibitika kuwa bandia, Wizara ikatangaza kwamba kuanzia sasa Jeshi litanunua sare zake kutoka Nani Zaidi, ambao wameonyesha uzalendo wa kufuata Mwongozo.

Mwamvua akapewa gwanda jipya, akapewa na usajini. Yule mlinzi wa mahabusu alikuwa amepandishwa kuwa kapteni, hivyo zamu ya jioni ikamwangukia Mwamvua, na mfungwa aliyepaswa kumfungia alikuwa mmoja tu.

Alimfikisha mpaka ndani, akatandika mkeka, akaweka chupa ya maji, akarudi mlangoni, akasimama. Vidole vyake vilikuwa kwenye kifungo cha juu cha gwanda.

"Nalivua, baba. Sitaki. Wanipe hiyo miaka saba."

"Ukilivua watakuweka humu, na mimi hawatanitoa. Tutakuwa wawili. Utakuwa umesaidia nini?"

"Wote wanajua! Kila mtu mle mahakamani aliona! Kwa nini hakuna anayesema?"

"Nilisema mimi. Uliniambia nisichoke, sikuchoka. Sasa funga, mama, kapteni wako anakuja."

Kweli, viatu vilisikika mwisho wa korido. Mwamvua akavuta mlango. Ulikuwa mlango wa Serikali, bawaba zimelegea, umelala upande mmoja, na komeo halikufikia tundu lake. Akavuta mara ya pili. Mara ya tatu alikuwa analia na mikono inateleza, na viatu vimeshafika kwenye kona.

Sekiondo akainuka kwenye mkeka. Akaushika mlango kwa ndani, akaunyanyua kidogo kwa bega, akausukuma taratibu kumwelekea binti yake mpaka komeo likaingia.

"Haya," alisema. "Sasa zungusha ufunguo."